Nimetolewa kwenye grupu la mpira kisa neno "chai"

Wakuu salaam. Naandika nikiwa na hasira, mtanisamehe nikikosea herufi.

Agosti 2025, CHAN, ile michuano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, ilipokuwa inachezwa kwetu Tanzania, Kenya na Uganda, jamaa mmoja wa Nairobi alifungua grupu la WhatsApp la mashabiki wa pande zote mbili za mpaka. Wazo zuri tu: tuchange kidogokidogo ili AFCON ya 2027, Kombe la Mataifa ya Afrika, waliyopewa nchi hizohizo tatu, twende mechi mbili tatu kwa pamoja. Elfu kumi ya Kibongo kila mwezi. Nimetoa miezi sita mfululizo, sijachelewa hata siku moja. Juzi usiku nimetolewa kama mwizi wa kuku.

Kisa chenyewe hiki. Humo ndani kuna shabiki wa Gor Mahia, mtu mzima, wote tunamwita Mzee. Alikuwa anatusimulia 1987, K'Ogalo, yaani hao hao Gor, walipobeba Kombe la Washindi Afrika mbele ya Esperance ya Tunisia. Hiyo historia naijua na naiheshimu, maana sisi na kelele zetu zote hakuna klabu ya Tanzania iliyowahi kubeba kombe la CAF, shirikisho la mpira Afrika. Simba tulifika fainali 1993 tukalizwa na Stella Abidjan hapahapa Dar, na 2025 tukalizwa tena na Berkane ya Morocco.

Sasa Mzee hakuishia uwanjani. Akasema usiku ule kombe lilipelekwa kwao, likalala chini ya kitanda cha baba yake, na asubuhi watoto wote wakalinywea uji. Uji! Kwenye kombe la CAF! Nikaandika huku nacheka peke yangu: "Mzee wangu, hiyo chai. Tena chai ya rangi, haina hata tangawizi."

Mtanzania yeyote hapa anajua nimesema nini. Chai ni kamba, stori ya kutunga. Ndivyo tunavyotaniana kila siku. Kumbe kwa wenzetu chai ni kile kitu kidogo anachoshikishwa trafiki barabarani. Kwa hiyo walichokisoma wao ni kwamba Gor Mahia ilimhonga refa, na kwamba namwambia hivyo Mzee usoni, mbele ya watu.

Dakika tano nyingi, simu inawaka. "Ati tulitoa chai? Leta ushahidi!" "Hawa Wabongo wako na madharau sana." Mzee mwenyewe kimya.

Nikaanza kujieleza. Dogo mmoja wa Nairobi akaniandikia, "Msee, sare hiyo stori." Nikafurahi, nikajua huyu kanielewa na anazungumzia matokeo. Nikamjibu kwa upole kabisa: "Ndiyo mdogo wangu, zote zilikuwa sare, 2-2 kule Tunis na 1-1 Nairobi, mkabeba kwa goli la ugenini."

Wakuu, sare kwao maana yake achana nayo. Yaani dogo wa watu ananionea huruma, ananiambia ninyamaze, na mimi nawahesabia watu wenye hasira kwamba hata fainali yenyewe hawakushinda mechi. Petroli nilijimwagia mwenyewe, hilo nakubali.

Lakini aliyewasha kiberiti ni Mtanzania mwenzangu. Shabiki wa Yanga, anajua chai ni nini kuliko hata mimi. Badala ya kunisaidia akaandika: "Makolo ndivyo walivyo, hawana adabu kwa wazee. Mtoeni." Makolo ndiyo sisi watu wa Simba, jina la utani hilo. Akaweka na vikatuni vitatu vya kucheka. Wakenya vile vikatuni hawakuviona, waliona shahidi. Na yule wa Mombasa ambaye kila siku anatusahihisha Kiswahili, siku hiyo alikuwa amelala?

Nilirekodi sauti ya dakika mbili, naomba radhi, nafafanua neno moja baada ya jingine. Naachia kidole iende, naambiwa mimi si mwanagrupu tena.

Na siyo mara ya kwanza maneno kugongana humo. Mwezi wa pili tu tangu tuanze niliandika, siku Simba inacheza, "chama langu kwanza, mengine baadaye." Mweka hazina akaja juu kwamba zamu za kupokea hela bado hazijapangwa. Kwao chama ni upatu, kwangu mimi ni timu. Mwingine akadhani namsema Clatous Chama, yule Mzambia aliyetuhama 2024 akaenda Yanga, akaanza kunipa pole. Siku ile tulicheka, yakaisha. Hii ya chai imeshindikana nini?

Mimi ni Mnyama, mtu wa Simba, utani naula kama ugali. Tarehe 5 Novemba 2023 Yanga walitupiga 5-1. Mwezi mzima watu hawakunisalimia kwa mdomo, walikuwa wananinyooshea kiganja. Konda wa daladala ananidai nauli kwa vidole vitano, na nauli yenyewe wala siyo mia tano! Sikumtoa mtu popote. Rais wetu wa zamani, Mzee Mwinyi, aliwahi kuufananisha mpira wetu na kichwa cha mwendawazimu, kila anayejifunza kunyoa anakuja kunyolea hapo, na wanaoongoza kuutumia huo msemo ni sisi wenyewe. Sasa mtu anavimba kwa chai ya rangi?

Ndugu zangu Wakenya mliomo humu, mnakuja Dar mnaingia mgahawani mnasema "nipe maji". Sisi kwetu mtu anaomba maji. Mhudumu anawaangalia, anameza mate, anawaletea maji na glasi, kwa sababu anajua hamjamtukana, ndivyo mnavyoongea. Mimi mngeniuliza tu: bwana we, chai gani? Maneno mawili.

Mzee nilimtafuta pembeni nikamwomba radhi. Alijibu jana asubuhi, mstari mmoja: uji walinywea kwenye kifuniko, siyo kwenye kombe. Sasa sijui kanisamehe au bado ananichapa chai nyingine, na safari hii sithubutu kulitaja hilo neno.

Kilichobaki ni elfu sitini yangu. Nimemwandikia mweka hazina kwa adabu zote: kaka, kwa kuwa nimeshatolewa, naomba hela yangu. Tangu jana saa mbili usiku nimemsubiri, na leo kajibu maneno matatu: "Fom ni gani?"

Fomu gani tena, wakuu? Miezi sita natoa hela sijawahi kujaza fomu yoyote. Mwenye kujua inapatikana wapi aniwekee hapa.