Kuitwa "chawa" wa kikundi: nikae kimya au niseme?

Binti Mkunazini: Asalaam alaykum ndugu zangu. Nnashughulikia habari za kikundi cha taarab hapa Unguja: naandika matangazo, napeleka taarifa redioni, waandishi wakija tamashani Ngome Kongwe mimi ndiye wanayenitafuta. Juzi mtangazaji mmoja kanitambulisha hewani, "Leo tunaye chawa wa kikundi." Studio nzima ikacheka. Mzee wetu anayepiga udi kakasirika, hataki nirudi redio ile. Wa rika langu wanasema ni neno la mjini tu. Khasa lina maana gani, na nimwambieje mtangazaji?

Mpemba wa Wete: Wa alaykum salaam dada. Mzee ana haki. Chawa anakaa mwilini mwa mtu akamnyonya damu. Vijana wa Bara wakalipeleka kwa anayegandana na msanii au mwanasiasa, akamsifu asubuhi na jioni ili apate kula. Siku hizi wapo wanaojiita chawa kwa kujivunia, ndio wenzio hawaoni ubaya. Lakini kujiita si kuitwa.

Konda wa Zamani: Mpiga debe lingekuwa na nafuu. Tulipokuwa Darajani mpiga debe anaita abiria, gari likijaa unampa chochote, anakula halali yake. Hata magazeti yanaandika fulani anampigia debe mgombea. Ila kwako halitoshi. Gari likiharibika Mwera mpiga debe hana habari. Onesho likiahirishwa wewe ndiye unayepigiwa simu.

Mwalimu Skuli: Wenzetu Marekani nao wanalo neno lao la kejeli, waandishi wanamwita mtu wa kazi yako *flack* tangu miaka ya 1930, na wengi wanaoitwa hivyo hawalipendi.

Bi Michenzani: Mwanangu, mpigie simu faragha, si hewani. Mwambie neno lile limemuudhi mzee na hulitaki. Taarifa ijayo andika juu kabisa jina lako na cheo chako, kwani mtangazaji husoma alichowekewa mezani. Redio usiisuse, onesho litatangazwa wapi?

Binti Mkunazini: Ahsante Bi. Nimempigia, kaomba radhi. Sasa niandike mpambe au msemaji?

Bi Michenzani: Mpambe hapana, watu watafahamu yule askari anayesimama nyuma ya Rais. Na msemaji ni mwenyekiti wenu, siku ya ugomvi yeye ndiye atakayetakiwa kusema. Andika Afisa Habari.