Daraja la waenda kwa miguu Pongwe: tuombe la ngazi au la mteremko?

Mkazi wa Pongwe
Wakuu, habari zenu. Mtaani kwetu tunaandaa barua ya kuomba daraja la kuvukia barabara kuu ya Segera–Tanga. Malori hayakatiki, na watoto wa shule wanavuka alfajiri giza halijaondoka. Mwenyekiti anasema tuombe la ngazi tu, ndilo la bei nafuu. Wenye utaalamu, tuandike nini?

Fundi Vyuma, Tanga mjini
Ndugu yangu, msikubali ngazi peke yake. Tupige hesabu. Ili lori lipite chini bila kugusa, tuseme mita 5.5. Sakafu ikikaa juu ya mihimili yenye kina cha mita moja, mtu anapanda mita 6.5. Kwa vidato vya sentimita 15, hivyo ni vidato 44, na vingine 44 vya kushuka. Mama mwenye ndoo kichwani na mtoto mgongoni atakatiza chini tu, na hana kosa.

Mnachotakiwa kudai ni sakafu ipite katikati ya mihimili, mihimili yenyewe iwe ndiyo kingo. Chini ya miguu inabaki kama sentimita 30, kwa hiyo mtu anapanda mita 5.8. Mteremko wa 1 kwa 12, yaani kupanda mita moja kwa kila mita 12 za kwenda mbele, utakuwa mita 70 kila upande, bado sehemu za kupumzikia. Ukikunjwa sambamba na barabara unaweza kukaa ndani ya hifadhi ya barabara, asivunjiwe mtu nyumba.

Halafu chumvi. Huku kwetu pwani rangi pekee haidumu. Vyuma vichovywe kwenye zinki ya moto vikiwa tayari vimekatwa na kutobolewa, kisha vifungwe kwa bolti. Ukichomelea baadaye unaunguza zinki, na kutu inaanzia palepale kwenye kiungo, penye kazi kubwa kuliko kote.

Bi Machungwa, Muheza
Mwanangu, Mungu akuzidishie. Mimi huteremka hapo Pongwe na tenga langu kichwani. Wasituwekee paa la chini, tutakwama. Na wakilipeleka mbali na kituo cha daladala, nani atalifuata na mzigo?

Fundi Vyuma, Tanga mjini
Shikamoo mama. Hilo la mahali lilipaswa kutangulia yote niliyoandika. Mkazi wa Pongwe, barua iende TANROADS, barabara kuu ni zao. TARURA wana za mijini na vijijini. Ila kabla ya kuandika, kaeni na daftari asubuhi na jioni: wanavuka wangapi, wapi hasa, wangapi wana mizigo, baiskeli au viti vya magurudumu. Choreni kwa mkono kila kichochoro kinachotokea barabarani. Mkiweka picha ya mchoro huo hapa, nitawatengenezea mchoro wa awali wa kuambatanisha na barua. Sitaki malipo.

Mkazi wa Pongwe
Ahsanteni sana. Vijana wa bodaboda pale kituoni wamekubali kuhesabu, tunaanza Jumatatu.