Wenye apatimenti za wageni acheni kuandika "rafiki wa mazingira" wakati choo kinavuja mwaka mzima!!

Wakuu habari zenu, leo naombeni mnivumilie maana nimefika shingoni. Kazi yangu ni kusimamia nyumba za kupangisha watu wa likizo, mgeni akitoka mimi ndo naingia, nasafisha, natandika, natoa taka, kwahiyo hakuna kitu kinafichika kwangu. Na ninayoyaona humo ndani hayafanani kabisa na yanayoandikwa kwenye matangazo.

Siku hizi kila tangazo lazima liwe na picha ya jani la kijani. Ukiingia bafuni unakuta stika inamwomba mgeni atumie taulo hilohilo siku kadhaa ili kuokoa maji, sawa, ni jambo zuri, ila hapohapo pembeni ya stika choo kinavuja usiku na mchana, nimeshamwambia mwenye nyumba kile kiraba cha chini kwenye tenki kimekwisha ananijibu mbona kinaflashi vizuri tu. Jamani! Bomba linalodondosha tone moja kila sekunde linamwaga zaidi ya lita 10,000 kwa mwaka, sasa choo ambacho maji yanateremka muda wote si ndo balaa kabisa. Anayebisha atie rangi ya chakula kwenye tenki, asiflashi, asubiri kama robo saa, rangi ikitokea kwenye bakuli basi kinavuja. Na kiraba chenyewe ni kitu cha bei ndogo sana.

Halafu hita ya maji. Nyumba haina mtu wiki nzima, hita inawaka tu. Fungeni taima, zungushieni tenki na bomba za moto kitu cha kuzuia joto lisipotee! Kuna mwingine akaona njia ya kubana umeme ni kushusha joto la tenki mpaka maji yawe vuguvugu, hiyo ni hatari, maji ya tenki yanatakiwa yahifadhiwe kwenye nyuzi 60 au zaidi, yakiwa vuguvugu bakteria wa Legionella wanaweza kuzaliana humo na wanaumiza mapafu ya watu.

Kinachonichoma zaidi ni hii tabia ya kumsukumia mgeni kila kitu. AC ikiachwa inapuliza na dirisha liko wazi, lawama kwa mgeni. Mtu yuko likizo ATASAHAU, kila anayekuja atasahau, ndo maana inatakiwa muweke vitu vinavyofanya kazi hata akisahau: swichi ya kadi mlangoni inayokata umeme mgeni akitoka na kadi yake, kifaa cha dirishani kinachozima AC likifunguliwa, shawa inayotoa maji kidogo. Balbu za LED peke yake zinakula umeme pungufu kwa karibu asilimia 75 kuliko zile za zamani zenye waya unaowaka, lakini bado napanda ngazi kufunga tena za zamani kwa sababu stoo zimejaa hizohizo.

Vichupa vya shampuu sitaki hata kuanza, nazoa vimejaa nusu natupa, wakati chupa kubwa ya kujaza ukutani ingemaliza kesi. Na vile vikombe vya "plastiki ya mahindi" mnavyojivunia, vingi vinahitaji mtambo wa mboji wenye joto la karibu nyuzi 60, ukivifukia bustanini unavikuta vilevile.

Sasa la taka ndo limenifanya nifungue huu uzi. Jikoni kuna mapipa mawili mazuri yameandikwa kabisa, familia iliyotoka juzi walitenganisha kila kitu, chupa wamezisuuza, makaratasi wamekunja, hata watoto wao walikuwa wanaulizana hiki kinaenda wapi. Nampigia mwenye nyumba namuuliza hizi nipeleke wapi, ananiambia changanya zote mfuko mmoja, gari ni moja, mapipa ni ya picha. Na nisiwaambie wageni.

Mimi wageni nitawaambia. Wenye nyumba mliomo humu nijibuni, nani kati yenu anajua taka zake zinaishia wapi??