Waswahili wa bangi halali Colorado: tuwe na chama chetu?

Mkaazi_Aurora
Habari zenu ndugu. Naleta hoja. Hapa Colorado bangi ilipigiwa kura Novemba 2012, na 1 Januari 2014 maduka yakafungua milango. Tangu hapo Waswahili tumo: kaunta, mabanda ya kulimia, ulinzi, udereva, uhasibu. Ila kila mtu kivyake. Wenzetu wana vyama. Wanawake walianzisha Women Grow hapa hapa Denver mwaka 2014. Mwaka uliofuata kikaja Minority Cannabis Business Association. Kila mwaka kuna MJBizCon, maonyesho ya biashara ya bangi huko Las Vegas, watu wanarudi na mikataba mfukoni. Benki nyingi zinatuogopa, kwa hiyo mtaji, shamba na hata mwenzako wa leseni unavipata kwa mtu anayekujua. Napendekeza: mkutano kila mwezi, orodha ya wanachama na kazi zao, ukurasa wenye picha zetu, na safari ya Las Vegas kama kundi. Nani yuko tayari?

Binti_Mombasa
Mimi hata leo. Wateja wananiulizia kwa jina, kila aina ya ua naijua, lakini nafasi ya umeneja ikitokea imeshapata mtu kabla ya tangazo kubandikwa. Wameshazungumza huko kwenye tafrija zao za Ijumaa, sisi tunasikia Jumatatu. Bila kundi tutapima gramu mpaka tuzeeke.

Mzee_Lowell
Binti yangu, nasema kwa mapenzi. Mzazi wako hakuuza shamba ili uje Marekani kupima bangi. Somea CNA, usaidizi wa wauguzi, ni wiki chache tu, upate kazi unayoweza kuitaja mbele za watu nyumbani.

Binti_Mombasa
Shikamoo mzee. Shamba letu halikuuzwa, na hunijui. Hiyo CNA nimeifanya. Afadhali maua kuliko kugeuza wazee wa watu kitandani usiku kucha na kufuta mavi kwa mshahara ule ule. Huku angalau narudi nyumbani mgongo ukiwa mzima.

Mama_Pacha_MN
Rudia ulichosema. Hayo mavi ndiyo yaliyojenga nyumba ya mama yangu Kisii na kusomesha wadogo zangu. Wale wazee wana majina yao, wanatujua kwa hatua zetu tunapoingia chumbani. Fanya kazi yako, sikukatazi, lakini usikanyage iliyokupokea ulipofika hapa na begi moja.

Dereva_wa_Colfax
Kweli kabisa mama. Nusu ya watu humu walianzia kwenye nyumba za wazee. Dada aombe radhi.

Binti_Mombasa
Mzee kaiita kazi yangu ya aibu, hakuna aliyeshtuka. Nikajibu, wote mmeamka. Nina mteja wa saratani, akitoka kwenye tibakemikali hawezi kumeza chakula mpaka apate bidhaa zetu. Hiyo nayo ni huduma. Siombi radhi mpaka Mzee aombe kwanza.

Ustadh_Tulsa
Nyote mnazunguka. Kilevi hakigeuki halali kwa sababu jimbo limekitoza kodi. Chama cha haramu ni haramu.

Dereva_wa_Colfax
Ustadh, wangapi humu wanaendesha teksi kubeba walevi wa Ijumaa? Nauli ile umewahi kuikataa? Tusianze.

Ustadh_Tulsa
Kubeba mtu na kumuuzia ni mambo mawili. Na ndiyo, nimewahi kuikataa. Wewe unayeuliza umewahi?

Mkaazi_Aurora
Ndugu zangu, chama. Naomba turudi kwenye chama.

Mkalimani
Nimesoma kimya, ila hiyo orodha na hizo picha zimenitisha. Natafsiri kwenye kesi za uhamiaji, na hili nimelisikia likiwaliza watu wazima. Sheria ya jimbo haibadilishi ya shirikisho. Serikali kuu iliweka bangi daraja la kwanza, yaani kundi la dawa zinazobanwa kuliko zote, kwenye sheria ya dawa za kulevya ya 1970. Aprili 2019 idara ya uraia ikaandika wazi kwamba anayejihusisha na bangi anaweza kuonekana hana mwenendo mwema, hata kama jimbo linaruhusu. Mwezi huo huo meya wa Denver wa wakati ule, Michael Hancock, alisimama kuwatetea wahamiaji wawili, mmoja wa Lithuania na mwingine wa El Salvador, waliokwama kwenye uraia kwa sababu ya kazi hii tunayoizungumzia. Walikuwa na makaratasi. Walikuwa wanalipa kodi.

Sasa fikirini. Fomu ya kuomba uraia, N-400, inakutaka utaje waajiri wako wa miaka 5. Inakuuliza pia kama umewahi kulima, kugawa au kuuza dawa za kulevya. Ukisema ndiyo, umejifunga. Ukisema hapana na picha yako iko kwenye ukurasa wa chama ukitabasamu mbele ya mimea, umedanganya kwenye fomu ya serikali, na hilo ni baya zaidi. Beji ya kazi ya Colorado tayari ina jina na picha yako. Kwa nini tuwaongezee?

Dereva_wa_Colfax
Lakini Biden si alisamehe wote 2022? Na wakasema inashushwa daraja?

Mkalimani
Oktoba 2022 alisamehe kosa la shirikisho la kupatikana na bangi tu, kwa raia na wenye grinikadi. Kuuza na kulima havikuguswa. Pendekezo la kuishusha mpaka daraja la tatu lilitoka 2024, na hata ikikaa huko, duka la kona ya barabara ya Colfax halitakuwa halali machoni pa Washington. Daraja la tatu ni la dawa zinazoandikwa na daktari.

Mhasibu_Denver
Niongeze la pesa, kwa sababu kuna watu wanaona dhahabu tu. Kuna kifungu cha kodi 280E, Kongresi ilikipitisha 1982 baada ya muuza dawa mmoja wa Minneapolis kushinda kesi ya kodi mwaka uliotangulia. Kinasema biashara ya dawa za daraja la kwanza au la pili hairuhusiwi kukata gharama zake kwenye hesabu ya kodi ya shirikisho, isipokuwa gharama ya mzigo wenyewe. Pango la duka, mishahara ya kaunta, matangazo, vyote tajiri anavilipia kodi kana kwamba ni faida. Na soko hapa limeshuka: 2021 Colorado iliuza zaidi ya dola bilioni 2.2, 2023 ikawa kama bilioni 1.5. Ndiyo maana wanaobaki wanashikana wenyewe kwa wenyewe. Kujuana kwenye kazi hii ndiko mtaji. Mkaazi hajakosea hapo.

Dereva_wa_Colfax
Basi twende kwenye hempu, ile bangi isiyolevya. Hiyo ni halali nchi nzima.

Mhasibu_Denver
Sheria ya kilimo ya Desemba 2018 iliitoa, ndiyo, ikiwa THC, kile kinacholevya, haizidi asilimia 0.3. Novemba 2025 Kongresi imeibana tena, bidhaa nyingi za madukani zitaondoka ikianza kutekelezwa. Usiweke akiba yako huko kwa kusikia.

Mkaazi_Aurora
Mkalimani, ahsante, nimekuelewa. Basi tufanye hivi: wenye uraia ndio wawe mbele, waende Las Vegas, wapigwe picha, waweke majina. Wenye grinikadi wabaki ndani, tutawaletea taarifa.

Binti_Mombasa
Nilijua tutafika hapa. Wenye pasipoti ya bluu meza ya mbele, sisi jikoni tukisubiri taarifa. Kaka, wewe uliapa zamani. Ukiringa na picha zako hulali na wasiwasi wa barua. Hiyo taarifa utakayoniletea ni ile ile ninayoipata sasa hivi Jumatatu.

Mkaazi_Aurora
Hapo umenionea dada. Chama hiki nakitaka kwa ajili ya watu kama wewe. Mimi leseni sina, duka sina, nimechoka kuona Mswahili mwenye ujuzi wa miaka anafundisha kijana aliyeajiriwa jana halafu kijana yule anakuwa bosi wake. Nikienda mbele ninakwenda na jina lako mdomoni.

Mkalimani
Jina lake usiende nalo mdomoni. Hilo ndilo ninalowaambia tangu mwanzo.

Mhasibu_Denver
Mimi swali langu ni jingine. Mhasibu ambaye si raia, anayefunga tu vitabu vya duka la bangi, naye yumo? Au msafishaji? Hagusi ua hata moja.

Mkalimani
Aliyegusa ua kesi yake ni nzito zaidi. Aliye pembeni ana cha kujitetea, lakini asijipe moyo kwa maneno ya humu. Wakili wa uhamiaji, tena aliyezoea kesi za bangi. Na asijaze N-400 mwenyewe sebuleni.

Mama_Pacha_MN
Naomba kuuliza, na tusahau ya mwanzo kidogo. Hapa Minnesota tangu sheria ya 2023 mdogo wangu wa mwisho amepata kazi ya kupogoa mimea. Ana grinikadi. Desemba anataka kwenda nyumbani kuoa, tumeshaanza michango. Akirudi uwanja wa ndege wakimuuliza kazi yake?

Mkalimani
Mama Pacha, asikate tiketi kabla ya kuonana na wakili. Grinikadi haikulindi mlangoni kama uraia. Ofisa anaweza kumuuliza, na jibu lake mwenyewe linaweza kutumika dhidi yake bila hata kesi mahakamani. Na asiwe na picha za kazini kwenye simu.

Mama_Pacha_MN
Wakili huku ni bei gani, na nani anawajua wa kuaminika? Mwaka jana mtu alijiita wakili, akala pesa yetu, kumbe ni mjaza fomu.

Binti_Mombasa
Basi mimi sijui. Ili nipande lazima nijulikane. Nikijulikana uraia unakwenda. Nikiutaka uraia niache kazi inayolipa pango, tena nikae miaka kadhaa ndipo niombe. Mwenye jibu la hilo aliseme.

Mkaazi_Aurora
Nafuta Las Vegas. Nafuta orodha na ukurasa. Tukianza na mfuko wa wakili tu, mmoja mzuri, watu waende kwake kimya kimya mmoja mmoja, nani anachanga?

Mhasibu_Denver
Nachanga. Vitabu nitaandika namba za risiti, bila majina.

Ustadh_Tulsa
Kumsaidia mtu asitenganishwe na familia yake si haramu. Nitatoa, ila si kwa jina la chama cha bangi.

Mzee_Lowell
Dola 50 kutoka kwangu. Na binti bado hajamwomba radhi Mama Pacha.