Mjadala: Anayejifunza Kirusi alazimishwe mwandiko wa kuunganisha, au herufi za chapa zinamtosha?

Mtoa Mada
Wakuu, salaam. Huu ni mwezi wa tatu najifunza Kirusi, jioni baada ya kazi, hapa Dar. Herufi zao ni 33, nilizimaliza wiki ya pili nikajiona bingwa. Basi juzi mwalimu akaandika ubaoni neno la herufi tatu kwa mwandiko wa kuunganisha, akasema tusome. Darasa zima tukasoma "mym". Kumbe ni тут, yaani "hapa", neno tulilolijua tangu siku ya kwanza.

Kwa ambao hawajakutana na balaa hili: т ya kitabuni ina mguu mmoja, ya mkono ina mitatu, huitofautishi na m yetu. д inageuka g. и inakuwa u, п inakuwa n. Kwa hiyo дом (nyumba) unaliona kama "gom", na пить (kunywa) linaanza kama "num". Ni kama umejifunza alfabeti moja, halafu unaambiwa hiyo ilikuwa ya mazoezi, yenyewe hii hapa.

Mwalimu anasisitiza kila kazi ya nyumbani iandikwe kwa kuunganisha, la sivyo hasahihishi. Mimi napinga. Nani anaandika kwa mkono leo? Warusi wenyewe wanachapa kwenye simu kama sisi. Hata mtihani wao wa taifa wa kumaliza sekondari, ule wanaouita ЕГЭ, mwanafunzi anajaza fomu kwa kalamu nyeusi ya jeli, herufi za chapa, kila moja kwenye kisanduku chake, akifuata mfano uliochorwa juu. Dola ikitaka mashine isome bila kukosea, inaomba chapa. Jirani zao Wafini waliondoa sharti la kufundisha mwandiko wa kuunganisha mashuleni mwaka 2016 na hatujasikia mtoto wa Kifini aliyeshindwa kuandika jina lake.

Anayetaka ajifunze. Asiyetaka aachwe atumie muda huo kwenye vitenzi, ambavyo navyo ni kaa la moto. Nipingeni.

Mzee wa Podfaki
Kijana, nitakupinga, ila kwanza nikuchekeshe.

Nilifika kule Umoja wa Kisovieti 1984. Mgeni hakuanza fani yake moja kwa moja. Kulikuwa na mwaka mzima wa maandalizi, podfaki, unapikwa Kirusi asubuhi mpaka jioni. Wenzetu wengi walikuwa Moscow, kwenye Chuo cha Urafiki cha Patrice Lumumba kilichofunguliwa 1960. Mimi nilipangiwa mji mwingine, wa kusini. Podfaki yetu ilikuwa na mwalimu mpole, akatuhurumia, akaturuhusu tuandike chapa. Tulimpenda sana mama yule.

Mwaka uliofuata nikaingia fani. Mhadhiri anaongea kama mvua ya masika na anachoandika ubaoni ni mawimbi ya bahari. Nikaugua mafua wiki mbili. Ukikosa mhadhara kule unaazima konspekti ya mwenzio, daftari la alichonukuu. Nikaazima la binti mmoja aliyekuwa wa kwanza darasani. Nikakaa nalo usiku kucha, sikupata hata sentensi tatu. Asubuhi nikamrudishia nikamwambia asante, limenisaidia sana.

Mtihani ule nilipata удовл., "inatosheleza", alama inayompa mtu pumzi na kumnyima posho nzuri. Na alama yenyewe mhadhiri aliiandika kwa mkono kwenye zachotka, kijitabu cha alama cha mwanafunzi. Nikaenda kumuuliza mwenzangu wa chumbani nimepata ngapi, kwa sababu hata hiyo sikuweza kuisoma.

Ndiyo maana nakwambia, mwalimu wako asiyesahihisha chapa anakupenda kuliko wangu alivyonipenda.

Pwani ya Nungwi
Wakubwa shikamooni. Mimi natembeza wageni Unguja, na Warusi wamekuwa wengi sana miaka hii. Kirusi changu nimekiokota ufukweni. Naongea, nachapa kwenye simu, nasoma vibao. Mwandiko wa kuunganisha sijawahi kuuhitaji hata siku moja.

Naam, siku moja. Mgeni mmoja aliondoka alfajiri akaniachia bahasha, ndani bahashishi nzuri na barua ya mkono ukurasa mzima. Nikaiweka mfukoni kama hirizi. Wiki iliyofuata nikamwomba mgeni mwingine anisomee. Shukrani, shukrani, shukrani, na mwisho: "Nimekuachia miwani ya kupigia mbizi na viatu vyake mapokezi, uvichukue leo." Leo hiyo ilikuwa siku nane zilizopita. Vilishapata mwenyewe.

Bado nipo upande wa Mtoa Mada. Barua moja kwa miaka minne haitoshi kunikalisha chini na daftari.

Mtoa Mada
Mzee, pole kwa удовл. Ila hadithi yako na ya mwenzetu wa Nungwi zote zinahusu *kusoma* mwandiko wa watu. Mimi nalazimishwa *kuandika*. Sikatai kuujua kwa macho. Nipeni chati ya herufi, niikariri, yaishe.

Mama Wawili
Ingekuwa hivyo ningekuwa mtaalamu leo. Nipo Kazan, Urusi, mwaka wa tisa, nimeolewa huku, mtoto wa kwanza yupo darasa la kwanza. Nikueleze inavyokwenda kwao.

Mtoto wa Kirusi anajua chapa kabla ya shule. Anajifunza nyumbani au chekechea, anaandika МАМА kwa herufi kubwa ukutani kama watoto wote duniani. Akiingia darasa la kwanza anapewa madaftari ya kufuatisha mwandiko yanayoitwa propisi, na mengine yenye mistari ya mshazari inayomwonyesha herufi ilale kiasi gani. Kuanzia hapo anaandika kwa kuunganisha, na chapa inabaki utotoni.

Sasa mimi nikamwandikia mwalimu wake ujumbe kwenye karatasi, kwamba mtoto ana homa. Niliuandika kwa chapa safi, nimeipangilia. Mwanangu akaitazama, akasema kwa huruma: "Mama, unaandika kama wa chekechea." Hakuwa ananidharau. Kwake ni kama nimekwenda mkutanoni na kaptula.

Hilo Mtoa Mada hulioni kutoka Dar. Chapa ya mkono inaeleweka, bei za sokoni zinaandikwa hivyo, matangazo ya kwenye lifti vilevile. Ila barua, maelezo, chochote chenye sentensi kutoka kwa mtu mzima, ukikiandika chapa msomaji anajiuliza wewe ni nani.

Mdadisi Huru
Sayansi ipo upande wa mwandiko. Kuna utafiti wa 2014, watafiti wa Princeton na UCLA, ulioonyesha wanaoandika kwa mkono wanaelewa somo kuliko wanaochapa. Mjadala ufungwe.

Kalamu ya Kushoto
Ufungwe wapi? Utafiti huo ulilinganisha kalamu na kompyuta ya mapajani. Haukulinganisha herufi zilizoshikana na zilizoachana. Mtu anayeandika chapa kwa kalamu naye anaandika kwa mkono, Mdadisi.

Na mimi niseme langu, maana naona wote hapa ni wa mkono wa kulia. Mwandiko wa Kirusi umeumbwa ulale kulia. Mkono wa kushoto unausukuma badala ya kuuvuta, na kiganja kinafuta kila ulichoandika. Shule za Kisovieti zililijua tatizo na zilikuwa na dawa yake: mpaka katikati ya miaka ya 1980 mtoto wa kushoto alilazimishwa aandike kwa kulia. Nikisikia neno "kulazimisha" na neno "mwandiko" kwenye sentensi moja nakumbuka hilo. Fundisheni, lakini msikatae kusahihisha kazi ya mtu kwa sababu mistari yake imesimama wima.

Mzee wa Podfaki
Hapo nakubali. Wenzangu wawili wa kozi walikuwa hao waliogeuzwa. Waliandika kwa kulia, wakala kwa kushoto.

Lakini nirudi kwa Mtoa Mada na chati yake. Chati haikusaidii, na nitakwambia kwa nini. Kwenye chati herufi zimekaa peke yake, zimenawa uso. Kwenye karatasi zinashikana, na nusu ya herufi zao ni vijiti vya kusimama tu: и ni miwili, п miwili, т mitatu, ш mitatu. Ukiandika шиншилла, yule mnyama mdogo wa manyoya, unapata ukuta wa makuti. Warusi wenyewe wanajua, ndiyo maana wengi wanapiga mstari juu ya т na mstari chini ya ш.

Kinachookoa ni kulabu. л, м na я zinaanza na kijikulabu kidogo chini kushoto, na hicho hakirukwi. Hakina kazi ya urembo. Kinakwambia herufi iliyopita imekwisha na nyingine imeanza. Mimi sikukiona kwenye konspekti ya yule binti kwa sababu mkono wangu haukuwahi kukichora. Nilipokaa likizo nzima nikijaza propisi za watoto, tena bila mtu kunilazimisha, jicho likafunguka. Nilirudi nikaazima daftari lilelile, nikalisoma.

Bin Hati
Mzee umesema kweli, na sisi wa madrasa tunaijua toka zamani. Kiswahili chetu wazee walikiandika kwa herufi za Kiarabu karne na karne, Lamu, Mombasa, Unguja, na huko hakuna habari ya chapa na kuunganisha. Herufi nyingi zinashikana na jirani zake, basi, hata kitabuni. Sikumsikia mtoto wa madrasa akisema aachwe aandike zilizoachana.

Mtoa Mada anapozungumza kana kwamba chapa ya Kirusi ndiyo asili na mwandiko ni upotofu, historia inamkataa. Chapa ya leo ilitengenezwa kwa amri. Mfalme wa Urusi, Peter wa Kwanza, alianzisha herufi mpya za uchapaji mwaka 1708, akataka zifanane na za Ulaya Magharibi, na mwaka 1710 akapitia orodha na kukata kwa mkono wake maumbo asiyoyataka. Hata hiyo т ya miguu mitatu unayoilaumu ilikuwamo kwenye vitabu vya chapa vya karne ya 18. Ilitoka vitabuni, ikabaki mkononi.

Tena haikutoka yote. Fungua kitabu chochote cha Kirusi, tafuta maandishi ya mlazo, yale yaliyoinama kulia. Utaikuta т ya miguu mitatu, na и ya u, na п ya n, na г iliyopinda kama s iliyogeuzwa. Imechapwa, kitabuni, leo.

Mama Wawili
Ukienda Serbia ndiyo kabisa. Nao wanatumia herufi hizi, lakini п yao ya mlazo ni kama u yenye mstari juu, na т ni kama ш yenye mstari juu. Mume wangu alinunua kitabu Belgrade akakaa nacho dakika tano kimya. Nikafurahi sana.

Mtoa Mada
Bin Hati umeniharibia jioni. Nimefungua kitabu changu cha kiada. Maelezo yote chini ya picha ni ya mlazo. Miezi mitatu nimekuwa nikiyaruka nikidhani ni mtindo wa mchapaji, na mazoezi mawili nilikosa kwa sababu maelekezo yalikuwa hapo.

Haya. Naondoa hoja ya kwamba ni "alfabeti nyingine isiyotumika". Naondoa na Finland, maana a ya mkono ya Mfini bado ni a, na ya т siwezi kusema hivyo. Lakini kulazimisha bado nakataa. Kalamu ya Kushoto amesema sahihi: tofauti kati ya kufundisha na kukataa kusahihisha ni kubwa. Mtu ajaze propisi mwezi mmoja apate jicho, kisha aandike anavyoweza.

Pwani ya Nungwi
Mwezi mmoja hata mimi naweza, msimu wa mvua wageni ni wachache. Hizo propisi zinapatikana wapi?

Mama Wawili
Kazan zimejaa duka lolote la vitabu, za darasa la kwanza ni bei ya mkate. Ukipata mgeni anayetoka huku mwombe akuletee. Usimwombe kwa barua tu.

Mzee wa Podfaki
Mtoa Mada, mwezi ni mfupi lakini nimekubali. Anza usiku huu. Chukua karatasi, andika лишишь ("utamnyima") bila kuinua kalamu, т yako na mistari yake iache kando. Ukimaliza hesabu vijiti kabla ya ile ь ya mwisho, uniambie.

Mtoa Mada
Nimeandika mara tatu. Napata 11.

Mzee wa Podfaki
Ni 12. Mguu wa kwanza wa л, ule mfupi wenye kulabu, umekupita.