Mjadala: Florida State wakitaka kwenda Havana, kinachowazuia ni kwotabeki au sheria?

Wakuu, poleni na msimu.

Swali hili ni kwa wale tunaofuatilia futiboli ya vyuo vya Marekani, ile ya kofia ngumu. Mimi ni shabiki wa Florida State, timu ya chuo cha umma kilichopo Tallahassee. Hivi chuo cha umma cha Florida kiruhusiwe kupeleka timu Cuba, au kiendelee kuzuiwa? Safari yenyewe haijapangwa, lakini kila nikiitaja Havana kijiweni napewa majibu mawili: "kwotabeki gani huyo wa kumpandisha ndege?" na "sheria hairuhusu." Hilo la kwanza kwangu ni kisingizio.

Kwa wageni: kwotabeki ndiye anayepokea mpira karibu kila shambulizi linapoanza, na ana sekunde mbili tatu za kuamua arushe, ampe mwenzake au akimbie nao. Akiyumba yeye, timu yote imeyumba.

Msimu wa 2025 tulikuwa na Tommy Castellanos. Kabla hata mpira haujaanza alitamka hadharani kwamba haoni Alabama, vigogo wa mchezo huu, watamzuiaje. Alichekwa sana. Tarehe 30 Agosti tukawachapa Alabama 31-17 palepale nyumbani Tallahassee, huku yeye akirusha kidogo na kukimbia sana. Hazikupita wiki nne, Virginia wakatupiga 46-38 kwenye nyongeza ya pili, na pasi yake ya mwisho ikaishia mikononi mwa beki wao. Mtu ni yule yule! Miami nao wakatupiga, Pittsburgh wakafuata, kisha hata Stanford. Mwisho wa hesabu: ushindi 5, vipigo 7.

Sasa niambieni, kote huko alivuka bahari gani?

Najua mtanitajia Dublin. Kweli, Agosti 2024 tulikwenda Ireland tukiwa nafasi ya 10 kwa ubora nchini, kwotabeki akiwa DJ Uiagalelei, na Georgia Tech wakatumaliza 24-21 kwa teke la yadi 44 la mwisho wa mchezo. Tulimaliza msimu ule na ushindi 2 kati ya mechi 12. Lakini Georgia Tech nao si walitoka Marekani hiyo hiyo? Halafu tuliporudi nyumbani, Boston College wakatufuata mpaka uwanjani kwetu wakatufunga 28-13. Kwotabeki wao siku hiyo alikuwa nani? Castellanos. Novemba akawekwa benchi kwao, akahama, tukampokea sisi kwa vigelegele. Ukichukua mtu wa namna hiyo umejua unachonunua, usije ukasingizia ndege.

Na Cuba si jambo geni kwenye mchezo huu. LSU (chuo cha jimbo la Louisiana) walicheza Havana Krismasi ya 1907 wakaifunga timu ya Chuo Kikuu cha Havana 56-0. Mwaka 1912 walikwenda wapinzani wetu wa jadi, Chuo Kikuu cha Florida. Kocha wao George Pyle akagombana na uamuzi, akaitoa timu uwanjani, akakamatwa na polisi, na baadaye wakaondoka na meli kabla kesi haijafika popote. (Wana Gainesville, mji wa chuo hicho, huwa hawapendi kuikumbuka hiyo.) Tarehe 1 Januari 1937 Auburn na Villanova walitoka sare ya 7-7 kwenye uwanja wa La Tropical. Mechi hiyo nusura isichezwe, kwa sababu kijitabu cha mechi kilitoka bila picha ya Batista, mkuu wa jeshi. Ikabidi wakimbilie kwa mchapishaji.

Linabaki la sheria. Mwaka 2006 bunge la Florida lilipiga marufuku vyuo vya umma kutumia fedha za jimbo kusafiri kwenda nchi ambazo Washington imezitia kwenye orodha ya wafadhili wa ugaidi. Maprofesa walikwenda mahakamani. Mahakama ya rufaa ikaiacha sheria isimame mwaka 2010, na Mahakama ya Juu ya Marekani ikakataa kuisikiliza kesi mwaka 2012. Cuba yenyewe ilitolewa kwenye orodha 2015, ikarudishwa Januari 2021, na Januari 2025 Biden akatangaza kuitoa, Trump akairudisha ndani ya wiki moja. Hiyo ni sheria au ni swichi ya taa? Alabama walipeleka timu ya besiboli Havana mwaka 2008, Penn State mwaka 2015. Wakacheza, wakarudi.

Msimamo wangu: waende, ila iwe nje ya msimu na bila pointi. Karibuni, matusi tuyaache.

—

Mkuu, mimi naishi Hialeah, pembeni ya Miami, hapa jirani zangu karibu wote ni Wacuba. Yupo mama mmoja aliyekuja na zile mashua zilizobeba wakimbizi kutoka bandari ya Mariel, Cuba, mwaka 1980. Kila mwezi anapima vifurushi vya dawa kwenye mizani ya jikoni, anampelekea dada yake Matanzas, huko Cuba. Nilidhani angeiunga mkono safari kama hii. Akanijibu: dawa inafika kwa dada yangu, pesa ya hoteli inafika kwa jeshi. Na hajakosea, Gaviota yenye mahoteli mengi ya watalii iko chini ya kampuni ya jeshi. Wewe unazungumzia mpira, yeye anauliza risiti inakwenda kwa nani.

—

Tusizunguke. Oktoba 2024 mtambo wa umeme wa Guiteras huko Cuba ulizimika na kisiwa kizima kikakosa umeme. Unapeleka wachezaji zaidi ya mia, madaktari, mizigo, barafu ya kuwakandia misuli. Barafu hiyo unaigandisha na nini?

—

Castellanos hana shida na giza, pasi zake nyingi alirusha kama hakuna taa.

—

Nacheka lakini naumia.

Ndugu wa Hialeah, hoja ya huyo mama ndiyo pekee inayonisumbua. Ila wako Wacuba wanaokodisha vyumba nyumbani kwao, na pesa hiyo inaingia jikoni mwao. Timu nzima haiwezi kulala huko, sawa. Wachezaji ishirini na makocha watatu wanaweza. Wakafundishe vijana futiboli ya bendera, ile ya kunyofoana vitambaa kiunoni badala ya kuangushana, ambayo inaingia Olimpiki 2028. Gharama walipe matajiri wanaotununulia wachezaji kila mwaka, mlipa kodi asiguswe.

—

Matajiri hao wengi wao wana nyumba na biashara Florida kusini, mkuu. Nani atakubali jina lake lisomwe kwenye orodha ya waliolipia safari ya Havana?

Mnachokisahau ni Miami. Wale ni chuo binafsi, hela yao wenyewe si ya jimbo, hiyo sheria ya 2006 haiwabani kama inavyotubana sisi. Havana iko karibu nao kuliko Tallahassee. Na ndio watakaokuwa wa mwisho kabisa kupanda ndege hiyo. Kwa hiyo hata mkiifuta sheria kesho asubuhi, bado mna kazi.