Mlango wa kabati la mfenesi umevimba, niurande au niuwache?

Upenuni_Wete: Asalaam alaykum. Mie si fundi wa kazi, najifunza tu nyumbani hapa Wete, nna banda la mabati upenuni. Nimemtengenezea mama kabati la vyombo kwa mbao za mfenesi, nimelimaliza mwezi wa pili jua kali, milango ikifunga vizuri kabisa. Sasa masika imekolea mlango wa kulia haufungi, umezidi kama milimita 4, ule ubao wa kati umesukuma fremu mpaka pembe moja imeachia, na ubao wenyewe nliutia gundi pande zote nne nikijua ndo utashika zaidi. Leo nimejaribu kuranda, randa inanyofoa nyuzi tu. Mama hajasema kitu lakini namuona anafunga mlango kwa kamba, roho inaniuma.

Seremala_Mzee: Waalaykum salaam. Weka randa chini kwanza mwanangu! Ukiranda saa hizi, kaskazi ikija mlango utakauka ubaki na mwanya. Kosa ni ile gundi. Ubao hauvimbi kwa urefu, unavimba kwa upana, sasa ukiubana utafanyaje, lazima uvunje pembe. Wa kati ukae huru ndani ya mfereji wa fremu, nafasi milimita 3 kila ubavu, gundi tia kwenye pembe za fremu basi, pale ulimi wa ubao mmoja unapoingia kwenye tundu la mwenzake. Ukichelea usichezecheze tia tone moja katikati juu na moja chini.

BintiMkoani: Na vanishi jee, ulipaka ndani pia au nje tu? Upande mtupu unakunywa unyevu ubao unapinda. Halafu mbao zilikauka kweli? Mie nakata kipande napima kwa mizani ya jikoni kila Ijumaa, uzito usiposhuka wiki tatu mfululizo ndo naanza kazi.

Upenuni_Wete: Nje tu dada, na mbao sikupima. Sasa huo ubao ntautoaje na gundi ishakauka? Ni ile nyeupe.

Seremala_Mzee: Nyeupe inalainika kwa moto. Kitambaa kibichi juu ya kiungo, pitisha pasi, ikishalainika gonga polepole kwa nyundo ya mti. Usikimbilie patasi utaharibu fremu.

Kinoo: Kuhusu kunyofoa, mfenesi nyuzi zake zinapishana, randa butu haiuwezi. Bandika msasa wa maji namba 400 kwenye kipande cha kioo, noa kisu cha randa digrii 25, malizia namba 1000, na mgongo wa kisu uwe bapa kabisa, hapa ndo wengi tunapotelea. Toa kisu kidogo mno mpaka maranda yatoke kama karatasi, ikinyofoa geuza uelekeo. Ukimaliza pangusa mafuta ya cherehani maana hewa ya bahari haina huruma na chuma, ya nazi yanagandia.

Upenuni_Wete: Jana usiku nimepitisha pasi, pande tatu zimetoka salama, wa nne bado umeng'ang'ania ntarudia leo baada ya Isha. Mama kashika taa muda wote.